Mfalme Aliyechorwa Kuwa Peasi: Maswali Kuhusu Vibonzo vya Ufaransa

Shikamoo. Je, ni kweli kwamba mchoraji mmoja wa Paris alimgeuza mfalme kuwa tunda mbele ya mahakama?

Marahaba. Ni kweli. Mwaka 1831 Charles Philipon, mwanzilishi wa gazeti la La Caricature, alishtakiwa kwa kumdhihaki Mfalme Louis-Philippe. Katika kujitetea alichora kichwa cha mfalme mara nne, kila mara kikizidi kufanana na peasi, kisha akaitaka mahakama ionyeshe ni wapi kosa lilipoanzia. Alifungwa hata hivyo, lakini peasi ikabaki kuwa alama ya mfalme.

Kwa nini serikali iliogopa picha kuliko makala?

Kwa sababu asiyejua kusoma aliweza kusimama nje ya dirisha la duka la michoro akaelewa kila kitu. Isitoshe, litografia, yaani uchapaji wa picha kwa kutumia jiwe, ilimwezesha msanii kuchora kwa chaki yenye mafuta moja kwa moja juu ya jiwe la chokaa, hivyo tukio la wiki hii liliweza kuchapwa likiwa bado midomoni mwa watu. Ndiyo maana sheria za Septemba 1835, zilizotungwa baada ya jaribio la kumuua mfalme, zililazimisha kila mchoro upate kibali kabla ya kutolewa, sharti ambalo maandishi ya magazeti hayakuwekewa.

Katika kazi za Honoré Daumier, mchoraji mwingine wa vibonzo wa wakati huo, ipi ina uzito zaidi?

Wengi hutaja Gargantua, ambamo mfalme anamezeshwa kodi za maskini, mchoro uliomletea Daumier kifungo cha miezi sita na faini ya faranga 500. Mimi naiweka mbele Rue Transnonain ya mwaka 1834, mchoro uliopewa jina la mtaa mmoja wa Paris. Wanajeshi, wakidai kwamba wamepigwa risasi kutoka katika nyumba moja ya mtaa huo, waliingia na kuwaua wakazi wake. Daumier hakumchora mfalme wala askari. Alichora chumba, kitanda kilichovurugika, na mwanamume aliyeanguka akiwa na nguo za kulalia, huku chini ya mwili wake akionekana mtoto mdogo aliyekufa. Hakuna dhihaka hata kidogo, na kwa maoni yangu hapo ndipo shutuma inapokuwa kali kuliko tusi lolote. Serikali ilizikamata nakala ilizozipata, pamoja na jiwe lenyewe.

Je, sheria hizo za 1835 zilimnyamazisha Daumier?

Kwa siasa za waziwazi, ndiyo, kwa miaka kadhaa. Aliwageukia mawakili na matapeli, kisha akarudi kwenye siasa baada ya mapinduzi ya 1848 kumwondoa Louis-Philippe.