Ukirithi Medali Kuukuu, Anza na Ukingo Wake

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amerithi medali nzito iliyoingia weusi, na sonara amemshauri aisugue ing'are kisha aiuze kwa uzito wa madini yake. Nimemjibu asithubutu, kwa kuwa maneno kama hayo niliwahi kuambiwa mimi, tena kwa dharau, na muuza vitu vya kale hapa Birmingham, aliyeitupia jicho medali yangu na kusema kuwa ni bati tupu.

Ni bati kweli. Lakini ukiizungusha polepole chini ya taa, ukingoni utasoma kwamba imetolewa na M. Boulton kwa mashujaa wa Trafalgar. Huyo ni Matthew Boulton, aliyeanzisha kiwanda cha sarafu cha Soho, hapahapa Birmingham, mwaka 1788 na kuendesha mashine zake kwa mvuke. Baada ya vita hivyo vya Trafalgar vya tarehe 21 Oktoba 1805, ambapo Waingereza waliwashinda baharini Wafaransa na Wahispania, aligharimia medali hizi mwenyewe: za dhahabu kwa maadmirali, za fedha kwa manahodha wa manowari, za bati kwa mabaharia. Inasimuliwa kwamba baadhi ya mabaharia waliona wamedharauliwa wakazitupa baharini, nami uchungu wao ninauelewa. Hata hivyo, kalibu ya kupigia medali, ambamo Conrad Heinrich Küchler alichonga kwa kinyume uso wa Nelson, admirali Mwingereza aliyeuawa katika vita hivyo, ilikuwa na mchoro uleule kwa wote, na uso aliopewa admirali ndio aliopewa baharia. Anayeipima heshima hiyo kwa mizani ya sonara hajaielewa medali hata kidogo.

Basi usisugue. Bati ni laini, na kitambaa hula kwanza sehemu zilizoinuka, yaani nywele, pua na matanga, ambazo ndizo kazi yenyewe ya mchongaji. Ishike kwa ukingo, usiguse uso wake, uiweke pakavu. Zoezi hili la kutafuta maandishi madogo lifanye hata kwa sarafu za kwetu: baadhi ya mitambo ya Soho ilinunuliwa mnadani mwaka 1850 na Ralph Heaton, na kiwanda cha Heaton ndicho kilichopiga rupia ya Mombasa ya 1888 yenye herufi ndogo H, alama ya kiwanda hicho.

Ukishasoma ukingo, pima kipenyo na uzito, piga picha pande zote, uzipeleke kwa wataalamu wa makumbusho. Bei iulize mwisho, na usimuulize mtu ambaye hakuomba hata kioo cha kukuzia.