Wasomaji Wanauliza: Kazi ya Afisa Habari wa Besiboli

Makala yetu kuhusu uhusiano wa umma katika besiboli imeleta barua kutoka Kampala, Mpigi, Jinja, Lugazi na Mbale. Tumechagua sita. Barua ndefu tumezifupisha.

Ninasomea uandishi wa habari. Nasikia kule Marekani klabu ya besiboli ina idara nzima ya uhusiano wa umma. Watu hao hufanya nini kutwa, na mechi yenyewe ni ya jioni? (Mwanafunzi, Kampala)

Kwa sehemu kubwa ya siku wanaandika na kukagua. Ligi kuu ya Marekani ina klabu 30 na kila moja hucheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku. Kila mechi ina karatasi yake ya maelezo, na waandishi hupewa kabla hawajaanza kazi. Humo mna warushaji wanaoanza pande zote mbili na walivyofanya msimu huu, aliyepiga hiti (mpira unaomfikisha mpigaji kituoni salama) mechi kadhaa mfululizo, majeruhi na hali zao, na rekodi iliyo karibu kufikiwa. Kukusanya hayo siku hizi ni rahisi, kompyuta inasaidia. Kukagua ndiko kunakokula muda. Namba moja mbovu akiisoma mtangazaji jioni, magazeti yataichukua kesho yake, na lawama itarudi kwa klabu.

Baada ya karatasi wanakuja watu. Kabla ya mechi chumba cha wachezaji hufunguliwa kwa waandishi kwa muda uliopangwa, na afisa habari ndiye anayejua nani wa kuongea naye na nani wa kuacha. Mrushaji anayeanza siku hiyo, kwa desturi, hasumbuliwi. Mechi ikianza afisa hukaa kwenye chumba cha waandishi, ambako kushangilia ni mwiko hata timu yako ikishinda. Huko hutangaza mabadiliko ya wachezaji na uamuzi wa mwandishi rasmi wa alama, yule anayesema kama mpira ule ulikuwa hiti au kosa la mlinzi. Mwandishi huyo ni mtu wa ligi, si wa klabu. Afisa anayemnong'oneza abadilishe kosa liwe hiti ili wastani wa kupiga wa mchezaji wake uongezeke, hadumu kwenye kazi hii.

Mechi ikiisha kocha mkuu huongea, kisha wachezaji. Baadhi yao wametoka nchi zinazosema Kihispania, na tangu 2016 kila klabu ya ligi kuu inatakiwa kuwa na mkalimani wa lugha hiyo. Hilo litusaidie na sisi. Mchezaji akijibu kwa Kiganda au Kisoga, mfasirie kama alivyosema, kwa nafsi ya kwanza, bila kumpamba. Jibu fupi libaki fupi.

Ukifikiria kuanzia huko, jua kwamba mlango ni klabu za chini. Ziko 120 zilizofungamana na ligi kuu, na katika nyingi afisa habari ndiye pia mtangazaji wa redio, mpiga picha na mmoja wa wavuta turubai la kufunika uwanja mvua inaponyesha. Asiyependa turubai ni bora abaki darasani.

Shule yetu hucheza besiboli kila muhula, lakini magazeti hayatuandiki. Tunatuma matokeo, kimya. Tunakosea wapi? (Mwalimu wa michezo, Mpigi)

Mwalimu, tumesoma taarifa uliyoambatanisha. Aya ya kwanza inamshukuru mwalimu mkuu, ya pili inawashukuru wazazi, matokeo yako aya ya nne. Mhariri wa michezo ana mpira wa miguu, netiboli na ndondi mezani, hafiki aya ya nne.

Anza na nani kashinda, kwa ngapi, wapi, lini, na kitu kimoja kilichoamua mechi. Mfano: «Wenyeji waliwafunga wageni 5–3 Jumamosi baada ya kupata mikimbio mitatu katika iningi ya tano.» Sentensi inayofuata imtaje mchezaji mmoja na alichofanya kwa namba. Shukrani, kama ni lazima, ziwe mwisho, ambako mhariri anaweza kuzikata bila kuugusa mwili wa habari. Ukurasa mmoja unatosha. Bandika maandishi ndani ya ujumbe wenyewe: faili lisilofunguka kwenye simu halisomwi.

Wasomaji wengi hapa hawaujui mchezo, basi weka mstari mmoja wa maelezo: mkimbio unahesabiwa mchezaji anapozunguka vituo vitatu na kurudi nyumbani, auti tatu (wachezaji watatu wakitolewa) zinamaliza zamu ya timu, na zamu za timu zote mbili ni iningi moja. Usifundishe kanuni zote siku moja. Kwa Bukedde andika Kiganda, kwa New Vision na Daily Monitor andika Kiingereza. Kumtumia mhariri wa Kiganda taarifa ya Kiingereza ni kumwongezea kazi jioni, saa ambayo hana nafasi nayo. Piga simu dawati la michezo mara moja tu, uulize ukurasa unafungwa saa ngapi, halafu tuma kabla ya saa hiyo, hata kama basi la timu bado liko njiani.

Picha moja au mbili, zenye ukubwa kamili, si zile zilizobanwa na WhatsApp. Zitume kama hati au kwa barua pepe. Maelezo ya picha yataje watu kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye majina ndipo shule nyingi zinapoanguka. Ssemakula wa wiki hii anakuwa Semakula wiki ijayo, na jina la dini linatangulia leo, kesho linafuata. Tengenezeni orodha moja ya timu, majina yaandikwe kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, namba ya jezi pembeni, na kila taarifa inakiliwe kutoka hapo.

Sasa takwimu. Kabla ya kutuma, pima kama karatasi yako ya mechi imelingana. Kwa timu moja, jumlisha zamu rasmi za kupiga, waliopewa kituo kwa boli nne (mirusho minne mibaya), waliogongwa na mpira, waliojitoa mhanga (wakatolewa ili mwenzao asogee) kwa mpira wa kugusa au wa juu, na waliopewa kituo kwa sababu walizuiwa. Jumla hiyo lazima ilingane na mikimbio ya timu hiyo, pamoja na wachezaji walioachwa vituoni, pamoja na auti walizozipata wapinzani. Chukua timu ya wageni katika mechi ya iningi sita: zamu rasmi 24, boli nne 4, aliyegongwa 1, aliyejitoa 1, jumla 30. Upande wa pili: mikimbio 5, walioachwa 7, auti 18, jumla 30. Imelingana. Ikitokea 31 kwa 30, kuna mchezaji umemwandika mara mbili au umesahau aliyebaki kituo cha pili iningi ilipokwisha. Na wenyeji wanaoongoza hawapigi nusu ya mwisho, kwa hiyo auti zao huwa 15, si 18. Hapo ndipo wengi hutafuta kosa ambalo halipo.

Tunataka kujaza uwanja siku ya fainali. Mwenzetu kashauri bia kwa bei ya chini kabisa. Nyie mnaonaje? (Kamati, Jinja)

Klabu ya Cleveland, Marekani, walijaribu tarehe 4 Juni 1974. Bia ya senti 65 iliuzwa senti 10, kikomo glasi sita kwa kila unaponunua, lakini hakuna aliyehesabu umenunua mara ngapi. Watu zaidi ya 25,000 walifika. Iningi ya tisa, mechi ikiwa 5–5, mashabiki waliingia uwanjani na wachezaji wakajilinda kwa magongo. Waamuzi wakawapa ushindi wageni, Texas Rangers.

Miaka mitano baadaye, tarehe 12 Julai 1979, Chicago White Sox walimwuzia tiketi ya senti 98 kila aliyekuja na sahani ya muziki wa disko, zilipuliwe katikati ya mechi mbili za siku hiyo. Umati ulizidi matarajio. Makasha ya kukusanyia yalijaa, watu wakaingia na sahani mpaka vitini, wakaanza kuzirusha. Baada ya mlipuko maelfu waliteremka uwanjani, nyasi zikaharibika, na ushindi wa mechi ya pili wakapewa wageni, Detroit Tigers.

Zawadi peke yake haikuharibu siku hizo. Hakukuwa na aliyekadiria umati mkubwa kiasi kile, wala aliyeweka kikomo kinachohesabika, wala aliyehakikisha vitu vya hatari vinabaki getini. Kwa fainali ya vijana bia iacheni kabisa. Toeni kofia kwa watoto 100 wa kwanza, mtoto avishwe chapa mkononi anapopokea, na mtangaze mapema kwamba ni 100 tu. Atakayefika wa 101 atanuna, lakini hatasema amedanganywa.

Wapiga filamu kutoka nje wanataka kuja kwa watoto wetu wa chini ya miaka 13. Wanauliza nyumba zao, wazazi, na tarehe za kuzaliwa. Tuwape? (Kocha, Lugazi)

Watoto wachezeshwe, wahojiwe, wacheke. Tarehe za kuzaliwa hapana, na jina la kijiji pamoja na picha ya nyumba pia hapana.

Ndugu kocha, unaijua historia ya mji wako. Mwaka 2011 timu ya Kampala ilishinda nafasi ya kwenda mashindano ya dunia ya Little League (besiboli ya watoto) huko Williamsport, Pennsylvania, ikanyimwa viza kwa sababu ya utata wa hati za umri. Mwaka 2012 Lugazi wakaenda, timu ya kwanza ya Afrika kucheza pale, wakawafunga wavulana wa Oregon 3–2. Mwaka 2015 vijana wa Mpigi wakawalaza Jamhuri ya Dominika 4–1. Katika mchezo ambao umri umewahi kufunga mlango, tarehe ya mtoto ikitokea kwa namna mbili tofauti, moja kwenye filamu na nyingine kwenye cheti, umempa mtu sababu ya kuuliza maswali. Hati za umri zikae kwenye faili la timu, zikaguliwe na wanaohusika tu.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka kibali cha mzazi au mlezi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto. Andikeni fomu ya ukurasa mmoja kwa lugha ambayo mzazi anaisoma: nani anapiga filamu, itaonyeshwa wapi, nini hakitapigwa, na kwamba mzazi anaweza kujitoa. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi. Mtoto ambaye mzazi hakutia saini avae jezi ya rangi nyingine siku hiyo, mpiga picha amjue bila kuuliza.

Kuna jambo jingine. Wageni hupenda picha ya umaskini kwanza, mchezo baadaye. Video za mazoezi za mdakaji Dennis Kasumba zilienea duniani, na mwaka 2023 alifika kwenye timu ya Frederick Keys, katika ligi ya vijana wanaotafuta nafasi ya kuchaguliwa Marekani. Kilichowashika watu, kwa maoni yetu, ni jinsi alivyofanya mazoezi kwa bidii na vifaa vya kubuni, tairi likiwemo. Basi ratiba ya siku ianze uwanjani: saa mbili zoezi la kudaka, saa tatu warushaji, mahojiano chini ya mti baada ya maji. Kocha asimame mahali anaposikia kila swali. Swali likimdhalilisha mtoto, sema «hilo tuliache», bila ugomvi.

Mchezaji wetu alimsukuma mwamuzi, video imesambaa. Mwenyekiti anataka tunyamaze mpaka mambo yapoe. (Katibu wa klabu, Mbale)

Mwambieni mwenyekiti, kwa heshima zake, kwamba mkinyamaza wengine wataandika badala yenu. Ndani ya saa moja au mbili toeni sentensi tatu: kilichotokea kama mnavyokijua kwa hakika, mnachofanya sasa, na siku mtakayosema tena. Msimlaumu mwamuzi wala msimtetee mchezaji kabla hajasikilizwa. Msifute kilichoandikwa kwenye ukurasa wa klabu, maana kuna aliyekwisha kukipiga picha. Aongee mtu mmoja, na simu yake iwe wazi. Siku mliyoahidi ikifika na hamna jipya, semeni hivyo hivyo kwamba uchunguzi haujaisha.

Na waandishi wakiomba nauli kuja kwenye mkutano wenu, toeni kiasi kimoja kwa wote, kwa orodha inayotiwa saini, kabla hawajaandika neno. Bahasha inayosubiri habari itoke ni hongo, hata mkiipa jina lingine.

Wastani wa mikimbio ya mrushaji wetu, kompyuta inasema 6.59, mtunza alama anasema 6.23. Nani kakosea? (Msomaji, Kampala)

Kompyuta haikukosea, aliyeiingizia ndiye. Mrushaji wenu alirusha iningi nne na auti moja, na katika karatasi ya mechi huandikwa 4.1. Ile 1 ni theluthi moja ya iningi, si sehemu ya kumi. Mikimbio 3 halali (isiyotokana na makosa ya walinzi) mara 9, yaani iningi za mechi kamili, ni 27. Gawanya kwa 4.333, si kwa 4.1, utapata 6.23. Kama mnacheza iningi sita, kama watoto wa Little League, zidisha kwa 6 badala ya 9, na mseme hivyo kwenye taarifa, maana 4.15 ya iningi sita na 6.23 ya iningi tisa ni mrushaji yule yule.