Mama alirudi nyumbani na fomu

Swali lenu la wiki hii, kama serikali ilipaswa kulazimisha chanjo ya Corona mwaka 2021 badala ya kuiacha hiari, nililisoma nikiwa kwenye foleni ya benki. Kabla sijafika dirishani nilishajibu kichwani: ndiyo, ingelazimisha tu. Sasa nimekaa kuandika, naona si rahisi vile. Na nisiwadanganye, ninalotaka kujibu mimi ni lingine kidogo: ile hiari ilikuwa ya nani?

Tukumbushane. Aprili 2020 kila mlango una ndoo ya maji tiririka, daladala levo siti, hakuna kusimama, watoto wako nyumbani. Muda si mrefu takwimu zikagota kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, zikakaa hapohapo zaidi ya mwaka. Mei tukasikia papai na mbuzi wamekutwa na Corona. Juni tukaambiwa ugonjwa umeondoka, ndoo zikarudi jikoni. Januari 27, 2021, Rais Magufuli akiwa Chato akasema chanjo zile hazifai, Wazungu wangekuwa na uwezo huo wangeshapata ya Ukimwi na ya malaria. Wizara nayo ikasema haina mpango wa kuzipokea. Tukapiga nyungu, kujifukiza mvuke wa majani. Nami nilipiga, tena sioni aibu, mafua yaliachia.

Februari ile nitaipita haraka. Mama yangu mdogo alifariki, tukaambiwa ni changamoto ya upumuaji, na msibani tukabanana mikekani kama kawaida.

Machi akafariki Rais. Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, Julai 24 zikatua dozi 1,058,400 za Janssen kutoka Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo, na Julai 28 akachomwa yeye mwenyewe mbele ya kamera. Alifanya vizuri, nampa haki yake. Lakini chukueni kalenda mhesabu: kutoka "hazifai" ya Chato mpaka sindano ile ni miezi sita na siku moja. Katikati hapo sikumsikia kiongozi hata mmoja akisema jamani, lile tulilowaambia mwanzo tulikosea. Tulichosikia ni kwamba chanjo ipo, ni salama, na ni hiari.

Mama ana miaka 71 wakati huo, mwalimu mstaafu, ana presha na sukari, kwa hiyo yumo kwenye kundi la kwanza. Wiki ya kwanza ya Agosti nikampeleka kituo cha afya. Tulikaa kwenye benchi kwa muda wa karibu saa mbili, tukafika mezani, nesi akampa fomu ya ridhaa. Mama akatoa miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaanza kusoma jinsi alivyokuwa akisahihisha insha: kidole kinatembea chini ya mstari, midomo inacheza. Kidole kikasimama pale panaposema anakubali kwa hiari yake.

"Mwanangu, nikiweka sahihi hapa, nikipata tatizo ni la nani?"

"Ni kuridhia tu, mama."

"Kuridhia nimekuelewa, Kiswahili nimekifundisha miaka thelathini na mbili. Nauliza tatizo."

Nesi akatazama foleni nyuma yetu. Binti wa watu, fomu hakuiandika yeye. Mama akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akamwonyesha kovu lake, lile la duara lililobonyea kama shilingi imebandikwa.

"Hii ni ndui. Nilichanjwa darasa la pili, mkoloni yupo. Hakuniuliza. Nikaumwa homa siku tatu, baba akamtukana mkoloni mpaka akaridhika, yakaisha. Hii yenu nikiumwa nitamtukana nani? Nijitukane mwenyewe?"

Foleni ikacheka. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipomwona mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu anainuka, anachukua bakora yake na kwenda zake. Sikumwona tena pale.

Mama akaikunja fomu mara nne, akaitia kwenye kipochi, tukapanda bajaji. Msielewe vibaya, hakuwa mtu wa kusema Corona haipo, mdogo wake amemzika. Njiani alisema hili tu: "Mwezi wa kwanza haifai, mwezi wa nane inafaa, na wa kuamua ni mimi. Mimi nimesomea ualimu."

Fomu ikakaa wiki tatu chini ya redio. Siku moja nafuta vumbi nikaifungua. Alikuwa ameisahihisha kwa kalamu nyekundu. "Kwa hiari yangu" imekatwa mstari, juu yake kwa mwandiko wa ubaoni ameandika "kwa kushauriwa na Serikali". Na kuna mahali aliongeza mkato.

Mwanzoni mwa Septemba akaniambia twende. Nesi alikuwa yuleyule. Akaipokea fomu, akaisoma yote, akacheka hadi akashika meza, halafu akasema samahani mama, hii siwezi kuipokea, akampa nyingine safi. Mama akaweka sahihi bila neno, akachomwa. Nilipomuuliza imekuwaje, akanijibu, "Yule binti amesoma nilichoandika." Mkono ulimuuma siku mbili.

Karibu mwezi mzima, mgonjwa wa sukari, na ugonjwa uko mtaani. Ndiyo maana jibu langu la foleni ya benki lilikuwa walazimishe: mama angechomwa siku ileile, na yule mzee wa bakora pia.

Ila nikikumbuka majirani zetu Kenya nanywea. Machi 2020 kafyu ilipoanza kule, watu pale kivuko cha Likoni walipigwa virungu na mabomu ya machozi wakiwahi kurudi makwao. Novemba 2021 serikali yao ikatangaza kwamba kuanzia Desemba 21 asiyechanja hapati huduma zake, na mahakama ikasimamisha. Hapa kwetu mngemtuma nani kulazimisha? Mgambo wa kata tunawajua. Mama angefunga mlango kwa komeo, kisha mtaa mzima ungefunga. Baadaye walipokuja wahudumu nyumba kwa nyumba na vikasha vyao vya baridi, kwetu walikaribishwa viti, na waliogoma Agosti wengine walichomwa vibarazani.

Nikiri na jingine ambalo mwaka ule nisingelikiri: kutotufungia ndani kulituokoa sisi tunaokula cha siku hiyohiyo. Nchi haikufungwa, sawa. Takwimu ndizo zilizofungwa, na hapo sijasamehe.

Basi jibu langu liandikeni hapana, wasingelazimisha, japo hiari ya mtu aliyefichwa hesabu mwaka mzima mimi naiita hiari kwa shida. Haya yote nimemsomea mama kwa simu kabla ya kuwatumia. Yeye anasema ndiyo, wangelazimisha, na amesisitiza niliandike na la kwake.