Kuzima na kuwasha kamera peke yake hakutoshi
Kamera ya intaneti ikiingiwa na kirusi, kinatoka kweli ukiizima, ila kitarudi. Mirai ile ya 2016 (kirusi cha vifaa vya intaneti), iliyotumia makamera na marauta ya watu kuiangusha Dyn (kampuni iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti) mwezi wa 10, ilikuwa inakaa kwenye memori tu kwa hiyo ukizima inafutika, lakini paswedi ikibaki ya kiwandani, admin/admin sijui root/123456, inaingia tena ndani ya dakika chache maana vifaa vilivyokwisha ambukizwa vinazunguka intaneti vikijaribu paswedi hizohizo. Chomoa intaneti kwanza, iwashe upya, badili paswedi ndo urudishe. Kuna vifaa vingine paswedi imegandishwa humohumo kwenye programu, haibadiliki, hivyo mi naona ni vya kutupa tu.