Mwanangu, kuhusu gazeti kufungiwa

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, nasi huku hatujambo. Umeuliza: gazeti likiandika uongo, kosa la serikali kulifungia liko wapi?

Uongo uadhibiwe, hapo sibishani nawe. Aliyechafuliwa jina aende mahakamani, au apeleke malalamiko Baraza la Habari, na gazeti limsafishe kwenye ukurasa uleule lilikomchafulia. Ninachokikataa ni waziri kuwa mlalamikaji, hakimu na mwenye kufuli kwa wakati mmoja.

Chukua gazeti la Mseto. Agosti 2016 lilifungiwa miaka mitatu. Wenyewe wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na Juni 2018 wakashinda. Lakini karibu miaka miwili ilishapita, na gazeti lisilotoka hupoteza matangazo, wasomaji na waandishi wake. Leseni ilirudishwa Februari 2022, pamoja na za Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima.

Hayo angalau yalionekana. Linaloniuma zaidi ni leseni yenyewe. Chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, gazeti lilitakiwa kuihuisha kila mwaka serikalini. Machi 2019 mahakama ileile ya Arusha ilisema vifungu kadhaa vya sheria hiyo vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Lakini mwenye leseni ya mwaka mmoja hahitaji kufungiwa ili aogope.

Unajua nimezeekea chumba cha habari. Simu huingia jioni, kurasa zikiwa tayari kwenda mtamboni. Sauti ya upole kabisa: "Mhariri, ile habari ya zabuni mna uhakika nayo? Na leseni yenu inaisha lini vile?" Mhariri anakata simu. Mezani kuna nakala ya mkataba, mihuri yote ipo. Anasema tuisogeze wiki ijayo, na wiki ijayo haifiki. Mwandishi akiyaona hayo mara mbili, ya tatu hafukui tena. Anakwenda kwenye semina, anampiga picha mgeni rasmi, anarudi kuandika hotuba. Hakuna aliyefungiwa hapo, mwanangu, ila wewe msomaji hutajua kamwe fedha ya zahanati yenu ilikwenda wapi.

Mdogo wako anataka kusomea uandishi wa habari. Mama yenu anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Mimi nimemruhusu. Nimemwambia tu asome na sheria, maana atazihitaji mapema.

Baba yako