Kupanda Mombo–Lushoto kwa baiskeli wakati goti linasumbua

Mkuu nimekuelewa, una wikiendi moja tu, unataka upande Mombo mpaka Lushoto, kwenye milima ya Usambara kule Tanga, kwa baiskeli, kesho yake utembee Irente, ile sehemu ya kutazama mandhari karibu na Lushoto, ila goti linauma kwenye milima. Inawezekana, na ile njia ni nzuri sana aisee, ila kama goti linavimba au linauma hata ukishuka ngazi, muone daktari au mtu wa fiziotherapia kwanza.

Ni kama kilomita 33, lami, na mlima unaanza hapo hapo Mombo. Toka alfajiri maana kule chini jua likipanda ni joto balaa. Weka gia nyepesi mapema, miguu izunguke haraka bila kukandamiza, ukilazimisha gia nzito goti ndo linaumia hapo. Ukifika Soni, mji mdogo wa njiani, pumzika, kula, angalia maporomoko ya maji. Goti likigoma tafuta gari la kwenda juu, baiskeli ifungwe kwenye keria, wala sio aibu.

Barabara ni nyembamba, kona kali, mabasi na Fuso zinashuka na mizigo ya mboga, kwa hiyo kaa kushoto, vaa rangi kali na usiweke earphone. Masika, Machi mpaka Mei, usiende, udongo na mawe huwa vinaporomoka.

Irente nenda kwa mguu na guide wa pale pale Lushoto, na usisogee ukingoni kupiga selfi, chini ni genge.

Kushuka ndo hatari zaidi. Fundi akague raba za breki kabla hujaondoka, na njiani bana uachie, bana uachie, ukishikilia muda wote rimu inapata moto mpaka tyubu inapasuka.