Kumtunza mzee nyumbani kuna gharama, hata kama hakuna risiti

Ndugu mleta uzi, unauliza kwa nini dunia ipige kelele kuhusu gharama za dimensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili unaowapata hasa wazee, wakati kwetu Lubumbashi, Kongo, wazee wanatunzwa nyumbani na hakuna anayelipwa. Nakujibu kwa ninayoyaona mtaani Katuba, kwa baba.

Huko kutolipwa ndiko gharama yenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 ugonjwa huu uligharimu dola trilioni 1.3 duniani, na karibu nusu si dawa wala hospitali: ni muda wa ndugu na jamaa, wastani wa saa tano kwa siku. Asilimia 70 ya saa hizo wanazitoa wanawake.

Kwetu mwanamke huyo ni dada yangu. Alikuwa na meza ya unga na samaki wakavu soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi), wateja wake wa kukopa, na likelemba, yaani mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, na wenzake. Baba alikuwa fundi kiwandani. Siku hizi anaamka saa tisa usiku anatafuta buti na kofia awahi posti ya kwanza, yaani zamu ya asubuhi. Ukimwambia alistaafu zamani anawaka, eti unataka afukuzwe kazi. Basi dada analala karibu na mlango, ufunguo wa geti shingoni. Mchana bukari (ugali) inakaa mdomoni mpaka mzee akumbushwe kumeza. Mashuka yanafuliwa kila siku, na maji yenyewe ni ya kuchota. Meza ikawa inafunguliwa mchana, kisha siku mojamoja, mwisho mtaji ukaliwa.

Sasa tazama hesabu za wakubwa. Asilimia 61 ya wagonjwa wako nchi za kipato cha chini na cha kati, lakini asilimia 74 ya gharama inaandikwa nchi tajiri. Usidhani mzigo wetu ni mwepesi! Saa ya mtunzaji inakadiriwa kwa kufuata mishahara ya nchi aliko, kwa hiyo saa ya dada yangu ni senti tu, ya mwenzake wa Geneva ni dola nyingi. Tena kule kuna nyumba za wazee na wauguzi wa kulipwa, kila kitu kina ankara. Meza iliyofungwa soko la Kenya nani ataiandikia ankara? Na wagonjwa wapya duniani ni karibu milioni 10 kila mwaka.

Sisi tulikaa kikao cha familia. Walioko Kolwezi na Likasi wanatuma hela kila mwezi, na tulikubaliana ni mshahara wa dada, si msaada. Kaka mkubwa alinung'unika: mtu analipwaje kwa kumtunza baba yake? Tukamwachia mzee wikendi moja. Jumatatu alituma kabla ya wote.

Jambo jingine, kwa wale walioandika hapo juu kwamba wazee wa namna hii ni walozi: acheni. Hela ya kumpeleka kwa mwombezi mpelekeeni daktari kwanza, apimwe presha, sukari, tezi ya shingo na vitamini B12, na masikio pia. Alzheimer, aina ya dimensia inayoonekana zaidi, haina tiba ya kuiponya, lakini kuna wazee wanaochanganyikiwa kwa sababu ya tezi au upungufu wa vitamini, na hao wanatibika.